Sahani ya Msibani

"Ukivuka mto leo, utakula," Shiu Narayan alimwambia binti yake. "Nakufahamu, Saro. Hukuzaliwa na moyo wa kukaa mbele ya chakula kigeni ukakiacha kipoe."

Sarojni alikuwa amesimama kizingitini, amevaa gauni jeusi la kuazima na mtandio mweusi kichwani, amekumbatia kifuani jora la kitambaa alilokuwa anapeleka msibani. Alikuwa amejiandaa kwa makelele. Baba yake hakupiga makelele. Alikaa kwenye benchi la barazani akifunga kamba za viatu vyake vya shamba, akazifungua, akazifunga tena.

"Naenda kuzika, Baba. Siendi karamuni."

"Msiba wao una karamu. Wanachinja ng'ombe."

"Najua."

"Unajua, na unakwenda."

"Mzee Taniela alikuwa akiniita mjukuu. Nisiende kumzika?"

Shangazi Ram Kuar, dada yake Shiu, ambaye alihamia kwao tangu mama yake Sarojni alipofariki, alikuwa akichagua mawe kwenye dengu kule ndani. Akapaza sauti bila kuinua kichwa: "Mwache aende, kaka. Huyo hata akimezwa na nyangumi, atamla nyangumi kutokea ndani, atoke ameshiba."

Siku nyingine wangecheka. Asubuhi hiyo hakuna aliyecheka.

"Sikukatazi kuzika," Shiu alisema. "Yule mzee alikuwa muungwana, nilimheshimu. Na huyo kijana wako, sijasema neno juu yake, ingawa ndugu zangu wote wamesema. Umekula pweza, nimenyamaza. Umekula vidudu vya mtoni, nimenyamaza. Lakini nyama ile ukiila, Saro, usirudi kunipikia. Nitajipikia mwenyewe mpaka siku yangu ifike."

Alisema hayo akitazama viatu vyake. Sarojni akalipandisha jora kifuani. Akashuka ngazi.

Isikeli alikuwa akimngoja barabarani, kando ya gari la turubai lililojaa waombolezaji. Alivaa sulu nyeusi, ile shuka ya wanaume ya kiunoni, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Hakumgusa, kwa sababu watu walikuwa wakitazama na baba yake alikuwa akitazama, lakini alipompokea lile jora la kitambaa vidole vyake vilikaa juu ya vidole vyake Sarojni kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Umekuja," alisema.

"Nilikwambia nitakuja."

"Watu husema mengi wasiyoyatenda." Akajaribu kutabasamu, akashindwa. "Ameniachia shimo hapa, Saro. Hapa." Akajigusa chini ya mbavu, pale mtu anapojigusa akiwa na njaa.

Gari likaondoka kuelekea juu, bonde likaanza kufinyika pande zote mbili, na Sarojni akamtazama yule mwanamume aliyekaa mbele yake akiwa ameshika magoti, akakumbuka walivyoanza.

Walijuana sokoni, Sigatoka mjini. Sarojni aliuza mboga za shamba la baba yake, bamia na mabilinganya na mchicha, na meza iliyomkabili ilikuwa ya Isikeli. Kwao Isikeli ni mlimani, huko ambako mto bado ni mwembamba, ila mama yake alitoka pwani, na wajomba zake wa pwani walimletea vitu vya baharini avipeleke sokoni. Jumamosi moja Sarojni alimwona amepanga juu ya majani vishada vya nama, ule mwani wa kijani wenye vipunje kama zabibu changa.

"Hivyo vinaliwa?" aliuliza.

"Vinaliwa na sisi. Ninyi hamviwezi."

"Nani kakwambia hatuviwezi?"

"Akija mteja wa Kihindi anatazama, anakunja pua, anapita."

"Yangu umeiona imekunjika?"

Isikeli akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akakuna nazi kidogo, akakamua ndimu, akakata pilipili, akachanganya na kile kishada, akampa juu ya kipande cha jani. Sarojni alifumba macho. Vipunje vilimpasukia ulimini kimoja kimoja, vikamwaga chumvi na ubaridi na harufu ya mwamba uliolowa, halafu nazi ikaja nyuma yake polepole kutuliza kila kitu. Alipofumbua macho, yule kijana alikuwa bado ameshika nusu ndimu hewani, amesahau kuiweka chini.

"Vipi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ongeza."

Tangu siku hiyo hakukuwa na Jumamosi tupu. Isikeli alimletea kome wa mtoni waliochemshwa kwa tui, na samaki mbichi aliyelazwa kwenye ndimu mpaka nyama yake ikawa nyeupe. Alimletea duruka, ule moyo laini wa shina kama la muwa, unaochomwa ndani ya maganda yake, nao Sarojni alipouonja alikaa chini juu ya kreti la bamia akasema, "Mbona sikuambiwa mapema kwamba duniani kuna kitu kama hiki?" Naye alimpelekea Isikeli achari ya maembe mabichi ya mkono wa shangazi yake, na majani ya magimbi yaliyopakwa unga wa dengu, yakaviringwa na kukaangwa. Isikeli alikula achari ile mpaka machozi yakamtoka, akakataa maji kwa kiburi. Wakajuana hivyo. Sarojni alifika mahali pa kumjua mtu yule kwa anavyotafuna: akiwa na furaha alitafuna haraka haraka na kuongea katikati, akiwa na jambo moyoni alitafuna upande mmoja tu.

Na siku moja babu yake Isikeli, Mzee Taniela, aliteremka mwenyewe mjini akiwa na fungu la ota alizochuma kijitoni kwake, yale machipukizi yanayojikunja ncha kama konokono. Alikuwa amezichemsha na kuzitia tui na kitunguu. "Kula, mjukuu," alimwambia. "Watu wa mjini wanasema ni chakula cha mbuzi." Sarojni alikula mpaka akapangusa bakuli kwa kidole. Mzee akacheka kicheko cha meno machache, akamgeukia Isikeli: "Huyu akija kwetu hatatusumbua."

Leo ndiyo siku aliyokuwa anakuja kwao, na mzee alikuwa ndani ya jeneza.

Walimzika kabla ya jua kufika kichwani. Kanisa lilikuwa dogo, na sauti za wanaume wa kijiji kile zilipoinuka kwenye nyimbo Sarojni alihisi sakafu ya mbao ikitetemeka chini ya miguu yake. Alilia kwa ajili ya Mzee Taniela, na katikati ya kilio hicho hicho akajikuta analia kwa ajili ya mama yake, Daya Wati, ambaye siku ya kumchoma alikuwa ameshindwa kumlilia kwa sababu alikuwa na wageni wa kuwapikia.

Kisha wanaume wakafukua joko.

Walikuwa wamelifukia tangu alfajiri nyuma ya nyumba kubwa, mawe ya moto chini, vyakula vilivyofungwa kwa majani ya migomba juu yake, na udongo juu ya yote. Majembe yalipoondoa udongo na majani ya kwanza kufunuliwa, mvuke ulipanda, na ile harufu ikamfikia Sarojni alipokuwa amekaa na wanawake mkekani. Magimbi, shelisheli, majani yaliyoungua, moshi mtamu. Na chini ya hayo yote, nzito na yenye mafuta, harufu asiyoijua.

Mate yakamjaa kinywani.

Aliona aibu kiasi kwamba aliinamisha kichwa. Alikuwa ametegemea kuchukizwa. Maisha yake yote alikuwa amedhani kwamba siku atakayokutana na nyama ile, mwili wenyewe utakataa na hatakuwa na la kuamua.

Kwa kuwa alikuwa mgeni, hawakumwacha ale baadaye na wanawake wa jikoni. Walimwita ndani ya nyumba kubwa, kitambaa kirefu kilipotandikwa sakafuni, wakamketisha karibu na mwanzo wake. Mwanzoni kabisa alikaa Nemani, baba mdogo wa Isikeli, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo: mwanamume mpana, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Isikeli alikaa mkono wa kulia wa baba yake mdogo.

"Ndiye huyu mlaji?" Nemani aliuliza, na kulikuwa na upole katika sauti yake. "Mzee alitupigia hadithi zako mpaka tukachoka. Alisema kuna binti wa Kihindi huko chini anayekula kuliko sisi."

"Anakula kila kitu, Baba," Isikeli alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikunjuka kidogo. "Nama, pweza, ota. Hachagui. Mzee alisema hatatusumbua."

"Basi apewe kwa heshima ya mzee."

Nemani mwenyewe akanyoosha mkono. Akachagua kipande kizuri, cha mbavuni, kilichoiva mpaka nyama ikawa inaachana na mfupa, akakiweka kwenye sahani pamoja na gimbi, akakipitisha kwa Isikeli, na Isikeli akakiweka mbele ya Sarojni. Kisha wote wakatulia. Mbele ya kila mtu palikuwa na chakula, lakini walimngoja mgeni.

Sarojni aliitazama ile nyama. Ilikuwa inang'aa. Alisikia watoto wakicheka nje kwa mbali, na mama mmoja akiwanyamazisha.

"Samahani," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Nisameheni, wazee wangu. Nitakula gimbi. Nitakula kila kilichopo hapa. Hii siwezi."

Mwanamume mmoja upande wa pili akakohoa.

"Huwezi?" Nemani aliuliza. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Ng'ombe huyu mzee alimfuga kwa mkono wake. Alisema, 'Siku yangu ikifika, mchinjeni huyu.' Si nyama ya duka hii, mwanangu."

"Naelewa, Baba. Nawaheshimu. Siwezi."

Isikeli alimwinamia. Pumzi yake ilimgusa shavuni. "Kidogo tu, Saro," alinong'ona. "Chembe. Uguse tu mdomoni. Kwa ajili ya babu."

Akageuka kumtazama. Yale yalikuwa macho aliyoyapenda kuliko macho yote, na yalikuwa yakimwomba. Nyuma ya ombi hilo aliona kitu kingine, aibu ya mwanamume aliyejisifu mbele ya wakubwa zake. Alisukuma sahani taratibu, upana wa kiganja kimoja, akainuka, akatoka.

Isikeli alimkuta chini mtoni, amesimama kwenye mawe, viatu mkononi.

"Umewaacha wazee wamekaa!" alisema. "Unajua maana yake? Mtu anainuka kwenye chakula cha msiba, anatoka?"

"Najua maana yake. Hata kwetu kuna misiba."

"Pweza ulikula. Ulikula kome, ulikula samaki mbichi. Leo ndiyo umechagua kuwa na tumbo dogo? Leo?"

"Vile ulivyoniletea sokoni nilivichagua mwenyewe. Ulinipa, ukaningoja, nikasema ongeza. Leo hukuningoja. Leo umeniambia niguse mdomoni watu waone."

"Babu yangu amekufa!"

"Najua, mpenzi wangu."

Neno hilo lilimtoka bila kupenda, na likamkata Isikeli hasira kwa muda. Akakaa juu ya jiwe. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imechoka. "Nimekua na Wahindi bonde hili hili. Najua wengi wenu hamli. Sikusahau. Nilidhani wewe si kama wengine."

Sarojni alihisi kitu kinaporomoka ndani yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mimi ni kama wengine, Isikeli," alisema. "Mimi ni mtoto wa Daya Wati. Kama ulinipenda kwa sababu si kama wao, basi ulimpenda mtu ambaye hayupo."

Maji yalipita kati ya mawe. Sarojni akakaa kwenye jiwe la pili.

"Nikwambie jambo? Mama aliponizaa alishikwa na homa, maziwa yakakatika. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, Gauri. Shangazi alinilisha maziwa ya Gauri kwa pamba, kidogo kidogo, mpaka mama alipoinuka. Nikakua nikala kila nilichokiona, mama akawa ananicheka tu. Baba alikuwa ananikataza, mama anasema mwache. Kabla hajafa aliniambia, 'Saro, kula dunia yote, mama. Niachie ng'ombe wangu tu.' Hilo tu aliniomba. Hakuomba hata nimlilie."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na mimi..." Alisita, kwa kuwa lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. "Na mimi sikujua kwamba nitatamani. Nilitamani, Isikeli. Ile harufu ilipotoka ardhini nilitaka kuonja kama ninavyotaka kuonja kila kitu. Ungenisukuma kidogo zaidi ningekula. Ningekula, halafu ningekuchukia."

Isikeli aliinua uso. Machozi yalikuwa yakimtiririka waziwazi, naye hakuyafuta.

"Rudini ndani," sauti ilisema kutoka juu ya ukingo.

Alikuwa Mama Alisi, mama yake Isikeli. Mwanamke mwembamba, mrefu, aliyejifunga shuka nyeusi ya matanga kiunoni. Hawakujua amesikia kiasi gani. Aliteremka mpaka walipo, akamshika Sarojni mkono kama anavyoshikwa mtoto barabarani, akampandisha. Hakumtazama mwanawe hata mara moja.

Ndani, wanaume walikuwa bado wamekaa, chakula kimepoa. Mama Alisi hakumrudisha Sarojni mahali pake. Aliketi mwenyewe mwanzoni mwa kitambaa, mbele ya shemeji yake, jambo ambalo Sarojni aliona kutoka kwenye nyuso kwamba halikuwa la kawaida, akamkalisha kando yake.

"Nemani," alisema. "Mimi kwetu ni wapi?"

"Unatania wakati wa msiba, shemeji?"

"Nijibu."

"Kwenu pwani."

"Baba yangu alikuwa mvuvi. Nililelewa kwa samaki, nililala kwenye harufu ya samaki. Tangu nilipoolewa nikaja huku mlimani, nimekula samaki mbele yenu?"

Nemani akatazama chini. "Hujala. Ni mwiko. Watu wa pwani hawali samaki mbele yetu."

"Na ninyi hamli nguruwe mbele yangu. Nguruwe mnampenda, nawaona. Nikiingia mnafunika sufuria." Mmoja wa wazee aliguna kicheko, akakimeza. "Nani katika nyumba hii amewahi kuniwekea samaki mbele yangu akaniambia, Alisi, gusa tu mdomoni? Mzee Taniela aliwahi?"

"Hakuwahi," alisema Nemani.

"Mwanangu ndiye amefanya hivyo leo. Kwa mgeni. Nimemzaa mimi, aibu ni yangu."

Isikeli, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga magoti pale pale. Mama Alisi akavuta bakuli la majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, akavunja gimbi vipande viwili, akampa Sarojni kimoja, akachovya chake. "Kula, mwanangu. Nina njaa, na siwezi kula peke yangu."

Sarojni alichovya. Tui likamdondokea kwenye gauni la kuazima. Yalikuwa mazito yale majani, na moshi wa joko ulikuwa umeingia ndani yake, na kwa chini kabisa yalikuwa na uchungu mdogo ambao alipoutafuta ulimi haukuuona tena. Alikula kile kipande, akanyoosha mkono kuomba kingine, na ndipo Nemani alipochukua gimbi lake, akaivuta karibu sahani aliyokuwa amempa, akala kile kipande cha mbavu mwenyewe, kimya. Wengine wote wakaanza kula.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima gari lilipomshusha Sarojni kwao. Isikeli alishuka pia. Alipaswa kurudi matangani, dereva alikuwa akimngoja, lakini alitembea naye mpaka uani. Njiani alimwambia neno moja tu, "Nisamehe," naye Sarojni alimjibu, "Bado inauma," na hiyo ilikuwa kweli. Hakuutoa mkono wake mkononi mwa Isikeli mpaka walipoona baraza.

Shiu Narayan alikuwa kwenye lile benchi. Kwamba hakwenda shambani siku nzima ilionekana kwa viatu vyake, ambavyo vilikuwa safi.

"Mmemzika?" aliuliza.

"Tumemzika, Baba."

"Umekula?"

"Nimekula magimbi, shelisheli, na majani kwa tui. Nyama waliniwekea. Sikula." Akavuta pumzi. "Lakini nilitamani, Baba. Sitaki udhani sikutamani."

Shiu alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka Sarojni akaogopa. Alipoyafumbua hakumtazama binti yake, alimtazama yule kijana aliyesimama chini ya ngazi, mikono pembeni.

"Wewe. Ulikuwa umekaa karibu naye?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ulimwambia nini?"

Sarojni akageuka haraka. Isikeli angeweza kudanganya, na Sarojni mwenyewe wakati ule alitamani adanganye.

"Nilimwambia ale kidogo, Mzee. Nilimwomba mara moja. Niliona aibu mbele ya baba zangu nikamwomba. Nimekosa. Mama yangu amenikanya mbele ya watu wote, na wewe ukitaka kunifukuza una haki."

Ndani, Shangazi Ram Kuar alikuwa ameacha kugongagonga vyombo.

"Utamwomba tena?"

"Hapana. Maisha yangu yote."

"Maisha ni marefu, kijana. Ukiwa na njaa, ukiwa umelewa, mkiwa mmegombana?"

"Hapana, Mzee."

Shiu akainuka, akashika nguzo ya baraza kama mtu aliyesimama baada ya ugonjwa. "Mimi nimeanza kukuchukia tangu asubuhi," alisema. "Sijui nitaacha lini. Nenda ukamalize matanga ya babu yako. Ukimaliza, uje na wazee wako. Huyo mama yako aje pia, nataka kumwona. Mje mchana, watu wa barabarani wawaone."

Isikeli aliinamisha kichwa chini sana, akarudi kinyumenyume hatua chache, na macho yake yalimshika Sarojni mpaka alipofika kwenye gari. Sarojni hakumpungia. Alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika, naye hakujua kama ni kilio au ni nini.

Baba yake akampita, akaingia ndani. Alimsikia akivuta kiti, akikaa, akipumua.

"Ram Kuar," alisema Shiu Narayan, kwa sauti ya mtu aliyepatwa na tatizo jipya, "watu wanaokula kila kitu hupikiwa nini?"

"Karela," Shangazi akajibu papo hapo, na sufuria ikalia jikoni. "Ile mboga chungu kuliko zote. Tuwaone kama wanakula kila kitu kweli."